Bumu ni la miezi miwili, njaa ni ya kila siku: kumpangia mwanao chakula chuoni Mikocheni

Kwa ufupi

- Fedha za kujikimu za mkopo wa elimu ya juu ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, na ndani yake kuna chakula na malazi kwa pamoja. Kwa anayepanga chumba karibu na Mikocheni, hesabu hiyo inabana.
- Fedha huingia kwa mkupuo. Wanafunzi wengi hula vizuri mwanzoni, kisha hupunguza milo siku za mwisho kabla ya malipo mengine.
- Mpango unaofaa ni ule unaogeuza mkupuo kuwa sahani za kila siku: mlo mmoja uliolipiwa kabla, mmoja wa kujipikia, na kifungua kinywa cha chumbani.
- Kwa binti, angalia zaidi maharage, mboga za majani, dagaa na matunda. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa wanawake wa umri wake.

Shilingi 10,000 ni ya nini hasa?

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa mwezi Oktoba na Novemba, nyumba nyingi huwa zinasubiri kitu kimoja: majina ya waliopata mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Majina hutoka kwa awamu. Aliyemo hushangilia, na mzazi hupumua. Watu wengi husema, "Sasa chakula si tatizo tena, ana bumu."

Hapo ndipo mama au mlezi anapaswa kusimama kidogo na kusoma vizuri. Kiwango cha kujikimu kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Ni nafuu ya kweli. Lakini fedha hiyo inaitwa ya chakula na malazi. Haikutengwa kwa chakula peke yake. Kadiri chumba kinavyokula sehemu kubwa, ndivyo sahani inavyobaki ndogo.

Mikocheni inalionyesha tatizo hili waziwazi. Hapa kipo Chuo Kikuu cha Kairuki, kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa jina la Hubert Kairuki Memorial University, ambacho kinafundisha madaktari na wauguzi. Upande wa Mwenge, kwenye eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, kipo Chuo Kikuu cha Tumaini Dar es Salaam, ambacho wengi walikizoea kwa jina la TUDARCo. Ni vyuo vilivyo katikati ya mtaa wa nyumba za kifahari, ofisi na hospitali binafsi. Kodi za Mikocheni si za mfuko wa mwanafunzi. Kwa hiyo asiyepata hosteli ya chuo hupanga Mwananyamala, Makumbusho, Sinza, Kijitonyama au Kawe, akaongeza gharama ya nauli. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mara moja. Yaani fedha ya chakula cha Januari inaweza kuwa imeshamezwa na kodi mwezi Novemba.

Zamani chuo kilipika

Mzazi aliyesoma Mlimani miaka ya 1970 au 1980 huenda anakumbuka maisha tofauti. Mwanafunzi alilala kwenye bweni la chuo na kula kwenye bwalo la chuo. Serikali ililipa, chuo kilipika, na mwanafunzi alichukua sinia na kukaa. Chakula hakikuwa kitamu kila siku, na malalamiko yalikuwepo, lakini hakuna aliyelazimika kukokotoa kama kesho atakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza mfumo wa uchangiaji gharama. Polepole chakula kikatoka mikononi mwa chuo kikaenda kwa wazabuni wa kantini, na kwa mwanafunzi mwenyewe. Kenya nao walipita njia hiyo hiyo katika miaka hiyo hiyo: mwanafunzi alianza kulipa kila anapokula.

Marekani vyuo vingi vina utaratibu mwingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala bwenini hutakiwa kununua mpango wa milo kabla muhula haujaanza. Analipa mara moja, kisha anakula kwa kadi wiki baada ya wiki. Ni ghali, na wapo wanaolalamika kwamba wanalipia milo wasiyokula. Ila una faida moja tunayoweza kuiazima: fedha ya chakula ikishalipwa, haiwezi kugeuka simu mpya wala viatu.

Kwetu vyuo vingi havina mpango kama huo. Maana yake mpango wa chakula wa mwanao utatengenezwa na yeye pamoja nawe, au hautakuwepo kabisa.

Tupige hesabu

Bei hubadilika na kila kantini ina zake, kwa hiyo chukua hesabu hii kama mfano, kisha weka bei halisi utakazoulizia mwenyewe.

Malipo huja kwa awamu ya takriban miezi miwili. Siku 60 mara shilingi 10,000 ni 600,000.

Tuseme mwanao ananunua kila mlo: kifungua kinywa 1,500, chakula cha mchana 2,500 na cha usiku 2,500. Jumla ni 6,500 kwa siku, sawa na 390,000 kwa siku 60. Zinabaki 210,000. Kama sehemu yake ya kodi ni 100,000 kwa mwezi, ni 200,000 kwa miezi miwili. Anabaki na shilingi 10,000 kwa nauli, sabuni, vocha, kudurufu notsi na, kwa binti, taulo za kike. Kwa miezi miwili mizima.

Haitoshi, na si kwa sababu mwanao ni mfujaji. Hesabu yenyewe imebana kabla hajanunua hata soda moja.

Sasa tuseme anabadilisha milo miwili. Asubuhi anakunywa uji na kula kiazi au muhogo chumbani, kwa 800. Usiku anapika pamoja na wenzake wawili, kila mmoja akichangia 1,500. Mchana anabaki na sahani yake ya kantini ya 2,500. Jumla ni 4,800 kwa siku, yaani 288,000 kwa siku 60. Ameokoa 102,000, na bado anakula mara tatu.

Asipopanga, hutokea jambo ambalo wanafunzi wenyewe wameshalipa jina: kupiga pasi ndefu. Anaruka asubuhi, anaruka mchana, anakula mara moja jioni. Wiki za mwanzo ni chipsi kuku na soda, wiki za mwisho ni pasi ndefu. Na mara nyingi wiki hizo za mwisho ndizo zinazoangukia majaribio na mitihani.

Njia tatu za kula, na ubaya na uzuri wake

*Kununua kila sahani.* Ni njia ya kawaida. Mwanafunzi yuko huru kuchagua, na chakula kisipompendeza anahamia kwa mama lishe mwingine. Tatizo ni kwamba kila mlo ni uamuzi mpya wa fedha, na njaa ikikaza mtu huchagua kinachoshibisha haraka: chipsi mayai, mandazi, chapati mbili na chai. Vinajaza tumbo, lakini mwezi ukipita hivyo mwili hukosa mengi.

*Kulipia kabla.* Baadhi ya kantini na mama lishe hukubali mwanafunzi alipie wiki au mwezi mzima, kisha jina lake huwekwa tiki kwenye daftari kila anapokula. Hii ndiyo inayolinda siku za mwisho. Hatari yake ni kwamba mzabuni anaweza kufunga, kupunguza kipimo au kupandisha bei katikati. Kwa hiyo usilipie muhula mzima kwa mtu msiyemjua. Anza na wiki moja, kisha wiki mbili. Mwambie mwanao aulize haya kabla ya kutoa fedha:

- Sahani ina nini? Mboga za majani na maharage vimo kwenye bei, au vinalipiwa pembeni?
- Siku nisipokuja, mlo wangu unahamia kesho au umepotea?
- Nikichelewa kutoka darasani au wodini, naweza kuwekewa?
- Nitapata risiti au kadi yangu mwenyewe ya kuweka tiki, mbali na daftari lako?

Swali la tatu ni la muhimu sana kwa wanaosoma udaktari na uuguzi. Ratiba ya wodini haifuati saa za kantini. Kwa mwanafunzi huyo, chombo kizuri chenye mfuniko kinaweza kuwa na maana kuliko menyu nzuri.

*Kujipikia.* Ni nafuu zaidi na humpa uwezo wa kuweka anachotaka kwenye sufuria. Lakini uliza kwanza kama hosteli inaruhusu. Hosteli nyingi zinakataza majiko ya umeme vyumbani kwa hofu ya moto, na mwanafunzi akikamatwa nalo linachukuliwa. Anayepanga mtaani ana uhuru zaidi, na jiko la gesi la mtungi mdogo humfaa. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi midogo inapatikana karibu kila mtaa. Mkazanie jambo moja: asiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Inaweza kumuua mtu usingizini.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka na huokoa gesi. Wakipika sufuria kubwa, wale siku hiyo. Kinachobaki kiwekwe kwenye friji, si chini ya kitanda.

Tunachopendekeza

Ukiweka afya na fedha pamoja, mchanganyiko ndio unaosimama vizuri kwa wanafunzi wengi wa eneo hili:

1. Chakula cha mchana kilipiwe kabla, siku za masomo, mara tu fedha inapoingia. Hata mambo yakiharibika, mlo mmoja kamili kwa siku una uhakika.
2. Chakula cha usiku kipikwe na kikundi cha wawili hadi wanne, wenye zamu na bajeti moja. Kundi kubwa huleta ugomvi.
3. Kifungua kinywa kiwe cha chumbani: uji, kiazi kitamu, ndizi, karanga, yai la kuchemsha.
4. Akiba ya siku 10 iwekwe pembeni, kwa mzazi au kwenye akaunti nyingine ya simu, isiguswe mpaka wiki ya mwisho.

Kama mwanao hana mkopo na wewe ndiye unayemtumia, tuma fedha ya chakula kila wiki badala ya kutuma ya mwezi mara moja, hata kama makato ya kutuma yataongezeka kidogo. Na kama unatoka mkoani, chakula kikavu kinasaidia sana: mchele, maharage, dagaa, karanga. Vikaushwe vizuri na viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu, na mahindi au karanga zikiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga yenye ukungu au uchungu itupwe. Kuikaanga hakuondoi sumu.

Sahani iwe na nini?

Mwongozo wa kitaifa unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Mlo kamili huchanganya makundi haya. Si lazima kuwe na nyama kila siku. Ugali, dagaa, matembele na chungwa ni mlo kamili wenye bei ndogo. Wali, maharage, mchicha na kipande cha papai pia.

Kitu rahisi cha kumwambia mwanao ni hiki: akiwa mbele ya mama lishe, asiombe kuongezewa wali, aombe kuongezewa maharage na mboga. Wengi hawakatai.

Kwa binti, jambo hili si la ladha tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Binti anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya kaka yake wa umri huo huo. Akiishi kwa chipsi na chai ya rangi, damu hupungua polepole. Atasema amechoka, anasinzia darasani, kichwa kinamuuma, anahema akipanda ngazi. Mara nyingi ataambiwa ni mvivu au hapendi kusoma.

Hatua ndogo zinazosaidia:

- Maharage, choroko, kunde, dagaa na mboga za majani ziwe kwenye sahani kila siku. Maini mara moja moja, akiweza, ila kama ni mjamzito aulize kliniki kwanza.
- Ale tunda lenye vitamini C pamoja na mlo huo: chungwa, limau, embe au pera. Vitamini C husaidia mwili kunyonya chuma kilichomo kwenye maharage na mboga.
- Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula. Zinazuia chuma kufyonzwa. Asubiri saa moja hivi.

Kuhusu soda: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35 au zaidi, takriban vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya gramu 25. Soda moja tayari imevuka hapo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya usiku wa mitihani vina sukari na kafeini kwa pamoja. Havichukui nafasi ya chakula wala ya usingizi.

"Ataumwa vidonda vya tumbo?"

Hili ni swali ambalo mama wengi huuliza wakisikia mtoto anaruka milo. Jibu lina sehemu mbili. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua mwaka 1982, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Njaa peke yake haiwi chanzo cha kidonda. Lakini mwenye kidonda tayari huumia zaidi akikaa na tumbo tupu.

Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikitumiwa mara kwa mara. Binti anayemeza diklofenaki kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, huku hajala tangu asubuhi, anaumiza tumbo lake. Mwambie ale kwanza, na maumivu yakizidi aende kwa daktari badala ya kuongeza vidonge kutoka duka la dawa.

Usafi: angalia maji kabla ya menyu

Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianza Dar es Salaam, ukiikumba Kinondoni mapema, kisha ukasambaa mikoa mingi nchini. Vyuo hufunguliwa wakati wa vuli, maji ya mvua yanapochanganyika na ya vyoo kwenye mitaa ya mabondeni. Ukimsindikiza mwanao chuoni, tumia dakika 10 kuzunguka mahali atakapokula. Angalia:

- Kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawa, au ni beseni moja kwa watu wote?
- Vyombo vinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa?
- Chakula kinatolewa kikiwa cha moto kinachofuka mvuke, au kimekaa tangu asubuhi? Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila moto wala friji.
- Kachumbari na matunda yamekatwa sasa hivi na kufunikwa, au nzi wameshatangulia?
- Mafuta ya kukaangia yana rangi gani? Yakiwa meusi na yananuka, yametumika mno.

Mama lishe wa pembeni mwenye sufuria ya moto na maji safi anaweza kuwa salama kuliko kantini yenye viti vizuri na chakula kilichopoa. Usihukumu kwa jengo.

Fedha zikiisha: jambo ambalo binti hasemi

Tunaliandika hili kwa sababu kunyamaza hakumlindi mtu. Msichana asiye na chakula kwa siku kadhaa huwa karibu na watu wawili: anayemkopesha na anayemlisha.

Wa kwanza siku hizi yuko kwenye simu. Mikopo ya haraka ya mtandaoni hutoa elfu ishirini jioni na kudai nyingi zaidi baada ya wiki, na baadhi huwatumia ujumbe wa aibu watu wote walio kwenye simu ya mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni. Mwanafunzi anayekopa chakula kwa njia hiyo hulipa kwa bumu linalofuata, na pasi ndefu inaanza mapema zaidi.

Wa pili ni mwanaume mtu mzima anayeanza kwa kulipia sahani. Kwanza ni chipsi kuku, kisha kodi, kisha anaweka masharti. Binti aliyefika hapo mara chache huwa "ameharibika". Mara nyingi alikuwa na njaa, na aliona aibu kumpigia mama ambaye anajua hana kitu.

Ndiyo maana akiba ya siku 10 na mlo uliolipiwa kabla vinahusu zaidi ya lishe. Na ndiyo maana maneno haya yasemwe kabla hajapanda basi, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, fedha ikiisha, hata kama umeitumia vibaya, nipigie mimi kwanza. Sitakugombeza. Tutatafuta pamoja." Kisha siku akipiga, usimgombeze kweli. Kama wewe huna, mtaje shangazi au mama mdogo aliyepo Dar es Salaam ambaye mmeshakubaliana naye kwamba mtoto anaweza kufika kula bila maswali. Chuoni pia ipo ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Aijue ilipo tangu wiki ya kwanza.

Akilazimishwa kimwili na mtu yeyote, afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU na huduma nyingine. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala haiko mbali na Mikocheni, na Dawati la Jinsia la Polisi hupokea taarifa hizo.

Usiulize "umekula?"

Mtoto akiulizwa kama amekula, atajibu "nimekula, mama". Hataki kukupa presha. Uliza swali ambalo jibu lake ni chakula chenyewe: "Leo mchana umekula nini?" "Jana usiku nani alikuwa zamu ya kupika?" "Tiki zako zimebaki ngapi?" Majibu yakianza kuwa mafupi, au yakiwa chai na mandazi siku tatu mfululizo, umeshajua.

Piga simu hasa siku ya 40 tangu fedha ilipoingia. Hapo ndipo mifuko huanza kukauka, na bado kuna muda wa kurekebisha.

Wanaohitaji mpango wa peke yao

Mwenye kisukari, selimundu, vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za kila siku, pamoja na mjamzito au anayenyonyesha, asiwekwe kwenye mpango wa kubana milo. Kwake mlo wa saa maalumu ni sehemu ya matibabu. Aongee na daktari au afisa lishe kabla ya kuhama nyumbani, na rafiki mmoja wa chumbani ajue hali yake. Bima ya afya ya mwanafunzi ihakikishwe inafanya kazi kabla ya kuihitaji.

Aende hospitali lini?

Aende siku hiyo hiyo akiwa na:

- kuharisha maji mengi mfululizo, hasa kukiwa na kutapika. Aanze kunywa maji yenye chumvi ya ORS akiwa njiani;
- kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami;
- homa kali inayoendelea, au maumivu makali ya tumbo;
- kuzimia, au mapigo ya moyo kwenda mbio akiwa amekaa tu.

Aende ndani ya wiki hiyo kwa uchovu usioisha, kizunguzungu, weupe wa kope za ndani na viganja, hedhi nyingi isiyo ya kawaida au hedhi iliyokatika, kupungua uzito bila kukusudia, au hamu ya kula barafu na udongo. Kipimo cha wingi wa damu ni rahisi na majibu hutoka haraka. Asianze kumeza vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha kabla hajapima.

Kabla hajaondoka nyumbani

Kaeni pamoja na karatasi moja. Andikeni fedha itakayoingia, toeni kodi na nauli, kisha gawanyeni kinachobaki kwa idadi ya siku mpaka malipo yajayo. Namba hiyo ndiyo bajeti yake ya siku. Kama haifiki bei ya sahani tatu za mahali atakapokula, mmejua mapema kwamba lazima apike, au kwamba lazima mchangie, na kiasi gani. Ni bora kulijua mezani mkiwa wote wawili kuliko alijue peke yake usiku wa mtihani.